Njia ya Kapteni Iliyopinda

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nilipompeleka shangazi yangu Halima kumwonyesha kofia ya chuma. Nilitaka anisifu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, kifua mbele, na nilitembea kama mtu anayepigiwa ngoma asiyoisikia mwingine. Ilikuwa katika ile miaka ya themanini, theluji ndiyo kwanza imeanza kuyeyuka, na viatu vyangu vilikuwa vimelowa lakini sikujali.

Sikiliza hadi mwisho. Najua nikikusemesha utanijibu Kiswidi, na sikukatazi, ndiyo lugha iliyokulea. Ila hili nitakusimulia kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kiswidi mimi ni mtu mfupi.

Sisi ni Wanubi wa Bombo. Babu wa babu yangu hakuja Uganda kulima. Alikuja kutoka Sudani na bunduki begani, akiwapigania waliomlipa, na alipomaliza kuwapigania hao akawapigania wengine. Akazaa askari, askari akazaa askari, na baba yangu akafa akiwa sajini. Mimi nilizaliwa kambini, kwenye laini za askari, mahali ambapo mtoto hujua kupiga saluti kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Kiswahili changu nilikitoa huko, ndiyo maana mama yako hunicheka kwamba hata nikiomba chumvi naamrisha.

Serikali ilipoanguka kwetu, watu wa ukoo wetu hawakuwa na pa kulaza ubavu. Shangazi Halima alitangulia kufika Uswidi, akanipokea nami nilipofika. Tulikaa Hjulsta, kitongoji cha pembeni ya mji mkuu, pale treni ya mstari wa buluu inapoishia. Yeye alipika katika shule ya watoto wadogo. Mimi nilipata kazi kwenye kiwanda cha mikate upande wa Spånga, na kila alfajiri nilikwenda kazini kwa miguu nikikata uwanda ulio kati ya hapo na kiwandani.

Njia yenyewe ilikuwa ya lami, ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Uwanda ule ni tambarare, huoni kilima wala mto, lakini njia ikifika katikati inakata kushoto, inachora upinde mkubwa, kisha inarudi kwenye mstari wake kama kwamba haikufanya kitu. Ndani ya upinde palikuwa na nyumba chache za mbao zilizopakwa rangi nyekundu, masalia ya kijiji kilichokuwapo kabla ya maghorofa. Katikati ya nyumba zile palipita kijinjia kingine kilichonyooka, kimeota majani, lakini mimi mgeni niliona haya kupita uani kwa watu. Basi nikazunguka kila siku, upepo ukinikata masikio, nikiwalaani waliochora njia ile. Watu wanaopima hata kitunguu kwa rula, nikajiuliza, siku hiyo walikuwa wamekunywa nini?

Sasa, Jumamosi tulikuwa na kawaida ya kukutana Alby, upande wa pili wa mji, kwenye nyumba ya Mganda mmoja mwenye sebule kubwa. Walikuja Waganda, Wakenya, Mkongo mmoja wa Bukavu ambaye kila sentensi aliianza kwa Kiswahili na kuimaliza kwa Kifaransa. Tulikunywa chai, tukabishana siasa, tukacheza karata. Siku moja akaja mtu kutoka London. Tulimwita Meja kwa sababu alijiita Meja. Alikuwa Meja wa jeshi gani, hakuna aliyeuliza. Suti yake ilimkaa vizuri, na alipokaa, kiti chake kikawa ndicho mbele ya sebule.

Alikuwa anatafuta watu waliozaliwa na bunduki. Kuna nchi, alisema, ya huko huko kwetu Afrika lakini si Uganda, ambako wakubwa walihitaji askari wa kukodi. Alinitazama nilivyokaa, mgongo wima, akajua mimi ni mtoto wa kambi.

"Marjani," aliniambia pembeni, "wewe si mtu wa kukanda unga wa wazungu. Vijana hawa wanakutazama wewe kabla hawajacheka. Niletee wao, na siku ya kwanza nakupa kofia ya kapteni."

Kapteni. Mwanangu, baba yangu alikufa akilitamani neno hilo. Nililala nalo, nikaamka nalo, nikakanda unga nalo. Na ni kweli vijana walinifuata, hasa Rajabu, mtoto wa pekee wa Mama Hawa. Huyu Mama Hawa alikuwa mjane wa askari, jirani yetu wa tangu kambini, na sasa alikaa Alby ghorofa ya juu kabisa. Rajabu alikuwa na miaka kumi na tisa. Nilipomnong'oneza habari ya Meja hakuuliza tunakwenda wapi. Aliuliza tunaondoka lini.

Ndipo likaingia jambo la kofia ya chuma. Nilikuwa nasoma Kiswidi jioni, na mwalimu wetu, Birgitta, alikuwa mzaliwa wa pale pale, wa moja ya zile nyumba nyekundu ndani ya upinde. Siku moja alitupeleka darasa zima kwenye kanisa la mawe karibu na kijiji chao. Humo ukutani ilining'inia kofia ya chuma, kongwe, imebonyea upande mmoja. Chini yake, sakafuni, palikuwa na jiwe la kaburi lililochongwa mtu mwenye upanga. Birgitta akatwambia huyo ni Nils, mtoto wa kijiji kile, aliyeondoka karne nyingi zilizopita, zama za panga na mikuki, akaenda nchi za mbali kupigana kwa kukodiwa. Leo mfalme huyu, kesho yule. Alitoka mtoto wa mkulima, akarudi kapteni. Kengele iliyokuwa mnarani aliileta yeye kutoka mji alioushinda.

Wenzangu walitazama madirisha. Mimi nilimtazama Nils. Nikasema, huyu ni ndugu yetu. Huyu ni Mnubi aliyekosea kuzaliwa. Nikaona kwamba hata Waswidi hawa wapole wanaokimbia kupanga foleni, mtu wao wa vita wamemlaza ndani ya nyumba ya Mungu, na kofia yake wameitundika juu. Kama kulikuwa na shaka moyoni mwangu, siku ile iliisha.

Shangazi alikuwa ameshasikia habari za Meja. Alby na Hjulsta ni mbali kwa treni lakini karibu kwa mdomo. Hakunigombeza. Kazi yake ilikuwa kukoroga sufuria na kunyamaza, nami nilikijua kimya chake. Ndiyo maana nikataka kumwonyesha Nils. Nilidhani akiiona ile kofia atanyamaza vizuri.

Jumapili hiyo tulifika ibada imekwisha, Birgitta akatukaribisha. Tulivua viatu mlangoni kwa mazoea yetu, naye akatusihi tuvae, sakafu ni ya baridi. Shangazi akajifunga mtandio wake vizuri, akatembea taratibu mpaka kwenye kofia. Nikamweleza yote, mfalme huyu na mfalme yule, mji na kengele. Nilisimulia vizuri kuliko Birgitta.

Aliitazama kofia kidogo tu. Kisha akainamisha uso, akaanza kutazama sakafu, hapa na pale, kama mtu aliyeangusha sindano.

"Muulize mwalimu wako," akaniambia. "Kapteni hawi kapteni peke yake. Vijana wake wamelala wapi?"

Nikamtafsiria Birgitta. Alikuwa mtu wa kucheka, lakini sasa alikunja mikono, akazungumza polepole ili nisikose neno, maana alijua mimi ndiye mdomo wa shangazi. Mwanangu, mara ya kwanza mtu kusikia jambo linalomhusu, hulisikia kwa masikio tu. Mimi nilitakiwa nilisikie kwa Kiswidi, kisha nilitamke mwenyewe kwa Kiswahili mbele ya dada wa baba yangu, nikitafuta maneno mazuri na kuyakosa.

Nikasema, kwa sauti yangu hii: "Anasema Nils alichukua kijana kutoka kila nyumba ya kijiji. Hakurudi hata mmoja. Hakuna mawe yao, kwa sababu hawajulikani walipoanguka."

"Endelea," akasema shangazi.

"Anasema alirudi peke yake na farasi wake na kengele yake, akajenga nyumba ya mawe nyuma ya kijiji. Akina mama wa kijiji hawakumtukana. Hawakumrushia hata jiwe. Ila kila alipopita kwenda kanisani, walitoka wakasimama mlangoni, kila mmoja mlangoni pake, wakamtazama tu mpaka apite."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na shangazi alikuwa amezika wawili.

"Anasema alishindwa. Mtu aliyevunja kuta za miji alishindwa kupita mbele ya milango ile. Akaamuru ichimbwe njia mpya ya kuzunguka kijiji, asionekane na mtu. Watumishi wake wakaifuata, na watu wa baadaye wakaifuata kwa mazoea. Ndiyo hiyo ninayopita mimi kwenda kazini."

Birgitta akaongeza kwamba ndivyo bibi yake alivyomsimulia, na bibi alisimuliwa na bibi yake, na kwamba nyumba ya mawe ya kapteni haipo tena hata msingi. Kofia wameiacha kwa kuwa ni kongwe. Kilichobaki cha Nils kijijini mwake, alisema, ni ule upinde.

Mimi niliyekuwa nailaani njia ile kila alfajiri sikujua kwamba nilikuwa nakanyaga haya ya mtu.

Tulitoka. Shangazi alimshukuru Birgitta kwa Kiswidi chake cha maneno matatu, tukatembea kuelekea nyumbani mpaka pale njia inapogawanyika. Nikakata kuelekea kwenye lami kama nilivyozoea. Yeye akasimama.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

"Hiyo ndiyo njia, shangazi. Kule ni uani kwa watu."

"Mimi sijamchukua mtoto wa mtu," akasema. "Nitapita milangoni."

Akaingia kwenye kile kijinjia cha majani, mwanamke mfupi mwenye mtandio wa kijani, akapita katikati ya zile nyumba nyekundu. Nilimwona mzee mmoja Mswidi aliyekuwa akipasua kuni akiinua kofia yake, na shangazi akainamisha kichwa kumwitikia. Nami nikabaki kwenye njia panda. Ningeweza kumfuata, hakuna aliyenizuia. Lakini miguu ilikataa, na nikaona aibu kusimama, basi nikazunguka. Nakwambia wazi, nilizunguka upinde mzima nikiwa na hasira, na hasira ile nilikuwa nikimkasirikia Nils.

Alinisubiri upande wa pili. Hakutaja kofia wala Meja. Alisema tu, "Jumamosi, kabla hujaenda kwa huyo bwana wa London, kapite kwa Mama Hawa ukale."

Hapa lazima nikufafanulie, maana nyinyi mmezaliwa kwenye lifti. Kambini kwetu kulikuwa na desturi. Mkubwa anayemwongoza mtoto wa mtu kwenda vitani huenda kwanza kwa mama yake, hukaa mkekani, na mama humpikia gurusa, ule mkate wetu mwembamba wa kikaangoni. Mama huukata katikati. Nusu mkubwa huila pale pale. Nusu ya pili hufungwa kitambaani ikatundikwa, na siku ya kurudi mkubwa huanzia hapo, kabla hata ya nyumbani kwake, aile mbele ya mama, hata kama imekauka kama ubao. Ukila nusu ya kwanza umesema: nitamrudisha, na nitakuja mwenyewe mlangoni kwako kukuambia, kwa heri au kwa shari. Baba yangu aliila mara nyingi. Ndiyo maana alibaki sajini, walisema wengine kwa dhihaka. Alijali mno kurudi na watu wake, hakusonga mbele upesi.

Jumamosi nikapanda treni, nikabadilisha mjini, nikafika Alby. Mama Hawa alikuwa ameshapata habari kwamba nakuja na kwa nini, maana mkeka ulikuwa umetandikwa sebuleni kando ya sofa. Rajabu alisimama dirishani, amevaa shati jipya. Alinikonyeza. Mama Hawa akaleta gurusa kwenye sahani, bado inatoa mvuke, akaketi mbele yangu.

Hakulia, mwanangu. Ningejua la kufanya na machozi. Aliukata mkate kwa mikono, akaniwekea nusu mbele yangu, nusu akaishika mapajani pamoja na kitambaa cheupe.

"Mkubwa wa mume wangu alikula nusu yake vizuri," akasema. "Alisifia hata mapishi. Baadaye nikasikia yuko hai, anakaa Nairobi. Hajaja."

Nikaunyoosha mkono. Ni mikono iliyokuwa ikikanda unga kila siku, haikuwa ikiogopa mkate. Lakini nilipoutazama ule mkono nilimwona Rajabu kwenye dirisha nyuma ya mama yake, na nikajiuliza swali moja tu: nikirudi peke yangu, nitapanda lifti ya jengo hili? Au nitashuka kituo cha mbele na kuingia Alby kwa njia nyingine, nikiinamisha kofia yangu ya kapteni hadi nife? Nilijua jibu. Nilimjua Nils vizuri kuliko Birgitta alivyomjua.

Nikarudisha mkono. "Mama," nikasema, "sili."

Rajabu alikasirika, alinitupia maneno ambayo sitayarudia mbele yako. Mama yake aliunganisha zile nusu mbili kwenye sahani, akazifunika.

Nikaenda kwenye ile sebule ya Mganda, nikamwambia Meja kwamba siendi na simleti mtu, na yeyote anayetaka kumfuata akale kwanza kwa mama yake. Nilisema kwa sauti ya baba yangu, vijana wote wakasikia. Karata zikasimama. Meja alinitazama kutoka viatuni mpaka kichwani.

"Basi kaa hapa uwe mpishi wa mikate," akasema.

"Nimeshakuwa," nikamjibu, na yule Mkongo akacheka mpaka chai ikamwagika. Tangu hapo ile suti haikuonekana tena Alby. Sijui alimpata nani kwingine, na namwombea mama wa huyo aliyempata.

Rajabu hakunisemesha hadi kiangazi. Vita havina macho, na ujana nao hauna, nami sikumlazimisha. Ilipofika Idi nilipokea ujumbe kwamba Mama Hawa ananiita. Nilimkuta Rajabu mwenyewe mlangoni. Akanisogezea viatu vyangu pembeni bila neno, na kwa watu wa kambi hayo ni mazungumzo marefu. Mama Hawa akaleta gurusa. Nikangoja aukate. Aliuweka mbele yangu mzima.

"Huu haukatwi," akasema. "Wewe huendi popote."

Huyo Rajabu ndiye babu unayemwona kila Ijumaa, yule anayekudanganya kwamba aliwahi kuwa bondia. Ana wajukuu kuzidi vidole vyako. Shangazi Halima tulimzika hapa hapa, na Birgitta alikuja na mtandio kichwani, ameufunga vibaya, tukamrekebishia. Mama Hawa aliishi akazeeka mpaka akaanza kuniita kwa jina la baba yangu, nami niliitika.

Sasa nije kwako. Mwanangu, nimekaa dirishani nikakuona uwanjani. Ukisimama, wanasimama. Ukicheka, wanacheka. Ni kipaji, usikionee haya, umekirithi. Lakini siku hizi wanaokuja kutafuta vijana hawajiiti Meja. Wanakuja na gari la kioo cheusi na koti la bei, wanakwambia wewe si mtu wa shule, wewe ni mkubwa, niletee wenzako. Nimeliona gari hilo likisimama chini ya jengo letu, na nimekuona ukiliinamia dirisha. Sikuulizi mlisema nini. Nimekula chumvi nyingi, najua kinachosemwa dirishani.

Nasaha yangu ni hii, uichukue ilivyo. Mtu akikwambia lete wenzako, kabla hujamjibu, nenda kwa mama wa kila mmoja wao. Kaa sebuleni kwake, kula chakula chake, mtazame usoni, na umwambie unampeleka mwanawe wapi. Ukiweza kulisema hilo na mkate ukakushuka kooni, nenda. Ukiona mkono unarudi wenyewe, uamini mkono. Na usiogope watakaosema umeogopa. Mimi nimeitwa mpishi wa mikate, na mikate nimeipika, na watu wameshiba. Wa kuongoza si yule anayejua kuondoka na watu. Watu ni rahisi kuondoka nao. Tazama anarudi kwa njia gani.

Kila Jumapili mimi bado natembea uwandani. Lami wameibadilisha mara kadhaa, wameweka na taa, lakini upinde haujanyooshwa. Nikifika njia panda nashika kile kijinjia cha majani, napita milangoni, na watu wa nyumba nyekundu wananiamkia kwa jina. Kesho kutwa ni Jumapili. Vaa viatu visivyoingiza maji, twende wote.

Mungu akupe miguu ya kupita mbele ya kila mlango mchana kweupe, na wenye milango wakufurahie. Akupe wa kukufuata, na akujalie uwarudishe wote. Na mkate wako, mwanangu, uwekwe mbele yako mzima.